Shajara ya mradi: kikokotoo cha bili ya DynamoDB kwa mita 20,000

Siku ya 1. Bei na mzigo

Kinachotakiwa ni lahajedwali moja: unaijaza idadi ya mita, ukubwa wa rekodi na siku za kuhifadhi data, nayo inakupa bili ya mwezi kabla jedwali lenyewe halijaundwa. Kanzidata ni Amazon DynamoDB, daraja la kawaida, kanda ya Virginia Kaskazini (us-east-1). Atakayeweka mfumo wake kanda ya Cape Town abadilishe safu ya bei, ambazo huko ziko juu; hesabu hazibadiliki. Bei zote humu ni za dola, bila kodi, na mwezi tumeuchukua kuwa wa saa 720.

Mzigo unatoka kwenye programu inayoiga mita za maji 20,000. Kila mita inatuma taarifa kila dakika 15, yaani mara 96 kwa siku. Jumla ni taarifa 1,920,000 kwa siku na milioni 57.6 kwa mwezi. Ukizitawanya sawasawa unapata 22.2 kwa sekunde. Hiyo 22.2 iwekeni akilini, itarudi.

DynamoDB inauza uwezo kwa njia mbili. Ya kwanza ni lipa kadiri ya matumizi: kila milioni ya uniti za kuandika dola 0.625, kila milioni ya uniti za kusoma dola 0.125. Ya pili ni uwezo uliopangwa: unatangaza mapema unataka uniti ngapi kwa sekunde, unalipia kila saa utumie usitumie. Uniti moja ya kuandika dola 0.00065 kwa saa, ya kusoma dola 0.00013.

Uniti ya kuandika ni rekodi moja isiyozidi KB 1. Ya kusoma ni hadi KB 4 kwa usomaji wenye uhakika kamili, na usomaji wa kawaida, ule unaoweza kukupa data iliyochelewa kidogo, unakula nusu yake. Muamala unakula mara mbili. Kipande kinachobaki kinahesabiwa kizima: rekodi ya baiti 1,025 ni uniti 2.

Siku ya 2. Asilimia 28.9

Ukiwa na uniti moja iliyopangwa na ukaitumia yote saa nzima, umeandika mara 3,600 kwa dola 0.00065. Maandishi hayo hayo 3,600 kwa lipa kadiri ya matumizi ni dola 0.00225. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.289. Kwa kusoma pia inatoka 0.289, maana 0.00013 kwa 0.00045 ni uwiano ule ule.

Kwa hiyo kama uwezo uliopangwa utatumika chini ya asilimia 28.9 kwa wastani wa mwezi, lipa kadiri ya matumizi ni nafuu. Ukivuka hapo, uwezo uliopangwa unashinda. Tumeiweka namba hii kwenye seli ya kwanza ya lahajedwali kwa rangi nyekundu.

Angalizo kwa wanaosoma maelezo ya zamani: njia ya lipa kadiri ya matumizi ilikuja Novemba 2018, na tarehe 1 Novemba 2024 bei yake ilikatwa kwa nusu. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa asilimia 14.4. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni kwamba njia hiyo ni ya majaribio tu uliandikwa kwa bei ile ya zamani.

Makadirio ya kwanza, kwa rekodi ya baiti 600: lipa kadiri ya matumizi ni 57.6 × 0.625 = dola 36.00. Uwezo uliopangwa, tukiacha nafasi ili matumizi yawe asilimia 70, ni 22.2 ÷ 0.7, uniti 32, dola 14.98. Kwenye karatasi kazi imeisha.

Siku ya 3. Mita zote zinapiga hodi pamoja

Jaribio la kwanza kwa uniti 32 lilijaza makosa ya ProvisionedThroughputExceededException (maombi yamezidi uwezo uliopangwa) ndani ya dakika moja. Sababu iko kwenye saa za mita. Kila mita inatuma saa kamili, na robo, na nusu, kasorobo. Taarifa 20,000 zinafika ndani ya dakika moja, 333 kwa sekunde, halafu dakika 14 kimya.

DynamoDB inakuwekea akiba ya uwezo ambao hukuutumia, hadi sekunde 300. Kwa uniti 32 akiba ni 9,600, jumlisha 1,920 za dakika yenyewe, unapata 11,520. Zinazobaki zinarudishwa mlangoni.

Njia tatu ziliwekwa mezani:

Kupanga uniti 334 kukidhi kilele. Dola 156.31, na matumizi yake ni asilimia 6.7 tu. Hapa lipa kadiri ya matumizi inashinda kwa mbali.

Kupanga uniti 56. Sekunde 360 × 56 ni 20,160, inatosha kwa akiba, kwa dola 26.21. Inavutia, lakini hatuitaki. Nyaraka za AWS, yaani Amazon wenye DynamoDB, zinasema wazi kuwa akiba hiyo inaweza kuchukuliwa kwa matengenezo ya ndani bila taarifa. Ni ziada ya mwenye duka. Siku akiinyima huna pa kudai.

Kuongeza uwezo kiotomatiki. Haisaidii kilele cha dakika moja. Mfumo huo unasubiri matumizi yapite lengo kwa dakika mbili mfululizo ndipo upandishe, na dakika 15 za utulivu ndipo ushushe. Ukifika, wageni wameshaondoka. Halafu kila jedwali lenye kuandika na kusoma kiotomatiki linaunda kengele 8 za CloudWatch, huduma ya AWS ya vipimo na tahadhari. Kwa majedwali madogo madogo mengi, kengele zinaweza kukugharimu kuliko uwezo unaouokoa.

Dawa iko kwenye mita. Kila mita isubiri sekunde kadhaa baada ya robo saa kabla ya kutuma: chukua namba ya mita, gawa kwa 900, baki ndiyo sekunde za kusubiri.

Siku ya 4. Mtawanyo ambao haukutawanya

Bado kuna makosa, sasa kwa vipindi vya sekunde moja moja. Tulipochora grafu ya sekunde kwa sekunde zilionekana nguzo tisa nyembamba kwa kila robo saa, na katikati yake patupu.

Namba za mita kwenye orodha ya majaribio zote zinaishia na 17, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho ni msimbo wa aina ya mita. Namba ya namna hiyo ukiigawa kwa 900 baki haliwi lolote zaidi ya 17, 117, 217, hadi 817. Mita 20,000 kwenye sekunde tisa ni 2,222 kwa sekunde moja. Hapo hata akiba haikuokoi, kwani kigawo kimoja cha jedwali (fungu moja la data zake) hakipokei zaidi ya uniti 1,000 za kuandika kwa sekunde, uwe umelipia nini.

Marekebisho: kwanza CRC32 ya namba ya mita (hesabu inayoivuruga iwe namba nyingine), ndipo baki la 900. Nguzo zimeyeyuka, grafu imelala kati ya 10 na 36 kwa sekunde, wastani 22. Uniti 32 zimetosha kwa saa 24 bila kosa hata moja. Vile vilele vidogo vya juu ya 32 vinamezwa na akiba, na hicho ndicho kiasi cha akiba tunachokubali kuitegemea.

Kosa jingine la kupima, ambalo lilitaka kutupoteza: kwenye CloudWatch kipimo cha ConsumedWriteCapacityUnits kisomwe kwa Sum ya dakika, kisha ugawe kwa 60. Ukichagua Average unapata wastani kwa ombi moja, yaani 1.0 daima, na utadhani jedwali limelala.

Siku ya 5. Rekodi ina uzito gani hasa

Tumewasha ReturnConsumedCapacity (jibu litaje uniti zilizotumika) kwa thamani ya INDEXES kwenye kila PutItem, yaani ombi la kuandika rekodi. Jibu: uniti 2 kwa kila taarifa. Bili ya dola 36 imekuwa 72.

Ile baiti 600, iliyotumika pia kwenye majaribio ya Siku ya 3 na ya 4, ilikuwa ya kubuni. Rekodi yenyewe ni baiti 1,071, na inafaa kuiangalia kwa karibu. Ina nyuga 14. Majina ya nyuga yanahesabiwa kwenye ukubwa, kila rekodi, kila mara: "kiwango_cha_betri_kwa_asilimia" ni baiti 30 za kubeba namba yenye tarakimu mbili. Majina yote 14 yamekula baiti 267. Halafu kuna pakiti ghafi ya mita, baiti 256, iliyohifadhiwa kama maandishi ya heksadesimali, ambapo kila baiti inaandikwa kwa herufi mbili. Hizo ni 512.

Majina tumeyafupisha yawe herufi tatu tatu: baiti 42, rekodi ikashuka hadi 846. Hapo tayari ni uniti 1. Pakiti tumeihamishia aina ya Binary, ambayo inahesabiwa kwa baiti zake halisi: 590. Ramani ya majina mafupi inakaa kwenye programu, sehemu moja, si kwenye kichwa cha mtu.

Kwa kuandika, ingetosha kuishia kwenye majina. Lakini ukubwa unarudi kwenye kusoma na kuhifadhi, na huko kila baiti inalipiwa.

Mawili ya kuandika kwenye lahajedwali kama maelezo. UpdateItem (ombi la kubadilisha rekodi) inayogusa uga mmoja inatoza ukubwa wa rekodi nzima, ule mkubwa kati ya kabla na baada. Na mita inapotuma tena taarifa ile ile, tukiwa tumeweka sharti la attribute_not_exists (andika tu kama rekodi haipo), uandishi unakataliwa lakini uniti inalipwa. Ombi lililorudishwa kwa kukosa uwezo ndilo lisilotozwa.

Siku ya 7. Faharasa

Dawati la huduma linataka orodha ya mita zenye hitilafu. Hiyo inahitaji faharasa, nakala ya rekodi inayopangwa kwa uga mwingine. Toleo la kwanza la faharasa lilitumia uga wa hali, "sawa" au "hitilafu", uliopo kwenye kila rekodi. Kila uandishi wa jedwali ukawa na uandishi wa pili kwenye faharasa: dola 36 nyingine. Na rekodi iliyopo ikibadilishwa hali, faharasa inaandikwa mara mbili, kufuta ya zamani na kuweka mpya.

Toleo la pili: uga wa hitilafu unawekwa pale tu panapokuwa na hitilafu. Rekodi isiyo na ufunguo wa faharasa haiingii kwenye faharasa, wala haitozwi huko. Kwa asilimia 2 ya taarifa, gharama ni dola 0.72.

Kwa uwezo uliopangwa kuna mtego. Faharasa ina uwezo wake tofauti na jedwali. Asilimia 2 ya 22.2 ni chini ya uniti moja, kwa hiyo mtu angeipa uniti 2 na kuridhika. Programu ya kuiga ilipojaribu umeme kukatika mtaa mzima, mita zote za huko zikatuma hitilafu pamoja. Faharasa ikajaa, na faharasa ikikosa uwezo DynamoDB inakataa uandishi kwenye jedwali lenyewe. Taarifa nzuri na mbaya zote zikarudishwa.

Anayetaka kulala usingizi aipe faharasa uniti sawa na jedwali. Ndipo hesabu inapobadilika: 32 + 32 ni dola 29.95, dhidi ya dola 36.72 kwa lipa kadiri ya matumizi. Pengo la dola 21 limebaki 6.77.

Siku ya 8. Kusoma

Taarifa za mita moja kwa siku moja: rekodi 96 × 590 ni baiti 56,640. Kwa Query (ombi moja la rekodi zinazofuatana za mita moja), DynamoDB inajumlisha kwanza ndipo inagawa kwa KB 4: vipande 14, nusu yake kwa usomaji wa kawaida, uniti 7. Rekodi zile zile kwa BatchGetItem (kutaja kila rekodi unayoitaka) zinakadiriwa moja moja, kila moja inapandishwa hadi KB 4: uniti 48. Ufunguo wa jedwali umepangwa ili Query itoshe: namba ya mita, kisha wakati.

Kisha dashibodi. Rasimu yake ya kwanza ilitumia Scan (kusoma jedwali zima) yenye kichujio kila saa, ili kupata jumla ya maji kwa kila mtaa. Kichujio kinafanya kazi baada ya data kusomwa, na unatozwa kilichosomwa, si kilichorudishwa. Jedwali la siku 90 lina rekodi milioni 172.8, baiti bilioni 101.95. Scan moja ni uniti milioni 12.4, dola 1.56. Inaonekana ndogo, ndiyo maana watu hawaistukii. Mara 720 kwa mwezi ni dola 1,120, kwa jedwali ambalo kuandikwa kwake kote ni dola 36.

Badala yake: mkondo wa mabadiliko wa DynamoDB unasomwa na Lambda, huduma ya AWS ya kuendesha programu fupi, kwa mafungu ya hadi sekunde 300, inajumlisha kwa mtaa, inaandika jumla. Mitaa 40 kila dakika tano ni maandishi 345,600 kwa mwezi, dola 0.22. Lambda inaposoma mkondo huo, DynamoDB haitozi. Muda wa Lambda yenyewe unalipwa upande wake, na lahajedwali ina safu yake.

Siku ya 9. Kuhifadhi, na nakala za akiba

Kwa ajili ya bili ya hifadhi, kila rekodi inaongezewa baiti 100. Baiti 690 × milioni 172.8 ni kama GB 111. GB 25 za kwanza ni bure, zinazobaki dola 0.25 kwa GB: dola 21.50.

Daraja la matumizi haba ni dola 0.10 kwa GB, lakini kuandika na kusoma kunapanda kwa takriban robo. Tunaokoa kama dola 10 kwenye hifadhi, tunarudisha kama 9 kwenye kuandika. Tumeliacha.

Huduma ya kurudisha jedwali kwenye sekunde yoyote ya siku 35 zilizopita ni dola 0.20 kwa GB kwa mwezi, yaani 22.20. Ndiyo, inapita hifadhi yenyewe. Nakala ya mara moja ni dola 0.10 kwa GB, na siku ya kuirejesha utalipa dola 0.15 kwa GB, 16.65 kwa jedwali hili. Huduma ile ya kurudisha tumeiacha iwe chaguo kwenye lahajedwali. Data inayotoa bili za wateja iwashwe, data ya majaribio isiwashwe.

Kufuta rekodi za zaidi ya siku 90 kwa DeleteItem kungegharimu dola 36 kwa mwezi, sawa na kuziandika. TTL, yaani kuipa rekodi muda wa kuisha, inafuta bure. Masharti yake: uga uwe wa namba, na thamani iwe sekunde tangu 1970. Programu iliandika milisekunde. DynamoDB ikazisoma kama sekunde, ikaona tarehe ya maelfu ya miaka mbele, haikufuta kitu wala haikulalamika. Thamani ikiwa maandishi inapuuzwa vivyo hivyo. Hakiki kwa rekodi kumi zenye muda wa saa moja, kisha vuta subira: ufutaji unaweza kuchukua siku kadhaa, na kabla haujatokea rekodi bado inaonekana kwenye Query na bado inalipiwa hifadhi.

Siku ya 10. Vitu visivyoandikwa DynamoDB kwenye bili

Seva ya kupokea taarifa iko kwenye mtandao wa faragha, na njia yake ya kutoka ilikuwa NAT, lango la kutokea intaneti. NAT ni dola 0.045 kwa saa pamoja na dola 0.045 kwa kila GB inayopita. Saa pekee ni dola 32.40 kwa mwezi, karibu sawa na kuandika taarifa zote. Kiungo cha ndani cha aina ya gateway kwa DynamoDB hakitozwi. Kiunde na ukiunganishe na jedwali la njia la kila mtandao mdogo unaohusika. Ukisahau mmoja, wenyewe utaendelea kupita NAT kimya kimya.

Uniti 25 za kuandika na 25 za kusoma zisizolipiwa zinahusu uwezo uliopangwa tu. Hizo 25 zina thamani ya dola 11.70, na zikihesabiwa, jedwali na faharasa vinashuka kutoka 29.95 hadi 18.25. Ila ni za akaunti nzima inayolipa, si za jedwali. Mradi mwingine kwenye akaunti hiyo ukizichukua, bili yako inapanda bila wewe kugusa kitu. Lahajedwali ina swali la ndiyo au hapana hapo, na jibu la awali ni hapana.

Kununua uwezo wa mwaka 1 au 3 kunakuja kwa mafungu ya uniti 100. Kwa mita 20,000 hakuna cha kujadili.

Siku ya 11. Uamuzi na kikomo

Tunaanza na lipa kadiri ya matumizi. Dola 6.77 haziwezi kumlipa mtu wa kuamka usiku umeme ukikatika mtaani na faharasa ikajaa. Lahajedwali itawasha onyo mita zikifika 200,000, ambapo hesabu zile zile ni dola 367.20 dhidi ya 299.52, na mafungu ya 100 yanaanza kuwa na maana.

Hatari ya njia hii ni kwamba haina kizuizi chake yenyewe. Kitanzi kibovu kwenye programu kitaandika hadi mtu ashtuke, na tahadhari za bajeti zinachelewa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo jedwali limewekewa kikomo cha juu: uniti 100 za kuandika na 200 za kusoma kwa sekunde. Kitanzi kikikimbia siku nzima, hasara haitazidi sana dola 5.40 upande wa kuandika na 2.16 upande wa kusoma. Neno "sana" lipo kwa makusudi: AWS haikiahidi kikomo hicho kama ukuta.

Kengele imewekwa kwenye Sum ya kuandika ya dakika 5. Hali ya kawaida ni kama 6,660. Kengele inalia kwenye 13,000, vipindi viwili mfululizo.

Jaribio la mwisho: ile Scan ya dashibodi imerudishwa makusudi ikiwa na kikomo cha 200. Kwa mwendo huo jedwali zima lingechukua zaidi ya saa 17 kusomwa. Makosa ya kukataliwa yalianza mapema, Query za mita nazo zikaguswa, na kengele ya kusoma, iliyowekwa vivyo hivyo, ikalia. Imebaki kutenganisha ruhusa, ili akaunti ya dashibodi isiwe na dynamodb:Scan kabisa.